Benchi la Wenye Kombe

Miaka ile madishi yalipoingia Arusha, tulitazama mpira wa Ulaya kwenye kibanda kimoja cha mabati pale Sombetini. Kibanda kilikuwa na desturi ya kipuuzi: benchi la mbele lilikuwa la mashabiki wa timu iliyobeba kombe la mwisho. Wengine tulikaa nyuma ya nguzo. Timu yangu ilicheza mpira mtamu bila kubeba chochote, kwa hiyo nguzo ile niliifahamu kuliko majirani zangu.

Wale wa mbele niliwadharau kwa moyo wote. Hawakujua pasi wala chenga, walijua matokeo tu.

“Msomi, pasi zenu mtazipikia supu?” muuza nyama mmoja alinidhihaki.

“Na kombe lenu umeshalinywea chai?” nilimjibu, nikidhani hoja za chuo kikuu zimemmaliza.

Kisha timu yangu ikaingia fainali, ikajazana golini kwake dakika tisini, ikabutua mipira jukwaani na kushinda kwa penalti ya kubambikiwa. Mpira wa aibu. Jumamosi iliyofuata nilifika kabla mwenye kibanda hajafungua mlango, nikakaa mbele, katikati kabisa.

Muuza nyama akaja kusimama mbele yangu. “Msomi, na ule mpira mtamu?”

“Nenda nyuma,” nikamwambia. “Unatuzibia.”