Aliyetangulia Kiitikio

Ukitaka kujua nani kaishona nguo, usiitazame kwa nje. Igeuze. Ndivyo alivyofundishwa Mama Pindo tangu alipokalia cherehani akiwa msichana. Kwa nje kila nguo hujipamba. Kwa ndani, kwenye mishono, mkono wa fundi haufichiki. Hakujua kwamba ujanja huo ungemfaa siku moja kwenye muziki.

Mambo yalianzia kwa shangazi yake, yule aliyemlea. Shangazi alikuwa na neno lake: "Nyie watoto, mimi niliimba kwenye bendi." Basi siku moja, ukoo umekaa mezani, kaka yake Mama Pindo akamtania mbele ya wakwe.

"Shangazi, wewe hata amina unaiwahi kabla dua haijaisha. Bendi gani ingekuvumilia?"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Ni kweli, shangazi hakuwahi kungoja dua iishe hata mara moja. Lakini tangu siku ile hakuitaja tena bendi. Hata kuimba jikoni akaacha. Hilo ndilo lililomchoma Mama Pindo.

"Shangazi, niambie tu bendi yenyewe iliitwaje."

"Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Kata vitunguu."

Kitu kimoja Mama Pindo alikijua: kulikuwa na wimbo wa zamani ambao, ukipigwa redioni, shangazi aliacha sufuria iungue. Akaenda nao kwa muuza santuri, jirani wa kibanda chake cha ushonaji. Akamfuata mwimbaji wa wimbo huo, kama wafanyavyo wote, santuri zake zote sita, akitafuta sauti ya shangazi. Patupu.

Akajicheka. Mjinga we, si unaitazama nguo kwa nje!

Akageuza jalada, akasoma yaliyoandikwa nyuma kwa herufi ndogo: gitaa, besi, ngoma. Akaamua kumfuata mpiga ngoma. Kumbe, kwa maelezo ya muuzaji, kabla ya bendi ile bwana huyo alipigia nyingine, na kabla ya hiyo, nyingine kongwe zaidi, ambayo santuri yake muuzaji aliitoa chini kabisa ya kasha.

"Hii hainunuliwi na mtu, mama."

"Wewe iweke. Mtu mwenyewe ndiye mimi."

Wanaume wakaimba, kisha ikaja zamu ya waitikiaji, wanawake. Na kabla kiitikio hakijafika, sauti moja ikatangulia, nyembamba, haina subira hata chembe. Mama Pindo akasimama wima, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Nyuma ya jalada majina yalikuwa ya wanaume watupu.

Muuzaji akamwambia mpiga ngoma yu hai, anatengeneza saa mitaa miwili tu kutoka pale. Mzee aliisikiliza santuri kwenye gramafoni yake kuukuu, akaweka bisibisi chini, akacheka peke yake.

"Dada huyu! Kiongozi alimkaripia wiki nzima. Wiki ya pili akatugeukia sisi: mwacheni atangulie, wimbo umenoga. Bendi nyingine zikaja kutuiga, hata zile nilizohamia baadaye, unasikia?"

"Aliitwaje, mzee wangu?"

Akataja jina la shangazi, na la baba yake shangazi juu yake.

"Sasa mbona hayumo humu?"

Mzee akakuna kichwa. "Majina aliandika kiongozi. Waitikiaji hakuwahesabu. Nasi tukanyamaza, ndiyo makosa yetu." Akachukua kalamu yake ya wino, akaliandika jina lile kwenye jalada, juu ya lake mwenyewe.

Ukoo ulipokutana tena, Mama Pindo alifika na santuri, na gramafoni ya kuazima. Hakutoa hotuba. Aliweka jalada mbele ya kaka yake, akashusha sindano. Shangazi alikuwa akipakua. Kiitikio kilipokaribia, akaudakia wimbo, mwiko mkononi, sambamba na ile sauti ya ujana wake, wakatangulia wote wawili. Wakwe wakaacha kutafuna. Mama Pindo kifua kilimjaa kama mtu aliyeshona joho la mfalme.

Kaka alisoma jalada, akalisoma tena. "Shangazi, nisamehe."

"Nyamaza kwanza, nasikiliza."

Walipomaliza kula, kaka ndiye aliyeomba dua. Alipokaribia mwisho akakatiza, akamgeukia shangazi, akangoja. Meza nzima ikangoja.

"Amina," akasema shangazi.

Ndipo wengine wakafuata.