Sauti Nyuma ya Kamera

Kalekye Nyamai alikuwa binti wa dereva wa lori, mkaazi wa mtaa wa Umoja, na mwaka ule wa 1985 alikuwa akisomea upigaji picha za video katika chuo kimoja mjini. Kila mwanafunzi aliagizwa atengeneze filamu fupi kuhusu mtaa wake. Yeye alichagua soko. Alikuwa akipiga picha za mafungu ya nyanya aliposikia, "Mwizi! Mwizi!"

Akakimbia na kamera begani. Kijana mmoja alikuwa chini, koti limeraruka, redio ndogo imemchomoka kifuani. Teke la kwanza lilimpata mdomoni. Fundi viatu akampiga kwa nyundo, mama wa viazi akamtwanga kwa mti wa kibanda, na bwana mmoja ambaye hata hakujua kilichoibwa akainua jiwe la ujenzi kwa mikono miwili, akamwangushia mgongoni. Mbavu zikasikika zikivunjika. "Jamani," alisema yule kijana, kisha damu ikamjaa kinywani. Kalekye hakutetemeka. Picha ilitulia kama kamera imewekwa mezani, na moyoni alijisifu.

Darasani, mwalimu Wanyoike alikuwa na sheria yake: wenzako wanasema, wewe unasikiliza. Mkanda ulipokwisha, Kalekye alingoja sifa.

"Rudisha kidogo," akasema Shitanda, aliyekaa karibu na televisheni. "Pale pa jiwe. Ongeza sauti."

Wakasikia makelele ya umati, na juu ya makelele yote, karibu kabisa na kamera, sauti ya kike: "Mpige! Mpige tena!"

"Huyo ni nani?" Shitanda akauliza.

Wote wakamgeukia Kalekye. Sauti ile ndiyo iliyowasalimu mlangoni asubuhi hiyo.

"Nitaikata," Kalekye akasema.

"Ukiikata utakuwa unatudanganya," akasema Waruguru, rafiki yake wa dawati moja. "Na tena, nimeona mikono mingi tu. Huyo aliyepigwa, hata jina lake silijui."

Kalekye alikasirika, akamnunia Waruguru juma zima. Lakini mwishowe alikwenda kuuliza sokoni, akaelekezwa nyumbani kwa yule kijana, mtaa wa Mathare. Kijana aliitwa Irungu, na alikata roho kabla ya kufikishwa hospitalini. Mkewe, Nduta, alikuwa akifua nguo nje. Kalekye akamweleza kwamba anatengeneza filamu kuhusu kifo cha Irungu.

"Redio aliiba, sikatai," Nduta alisema. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale, mama. Nilisema apigwe."

Kofi lilimfika kabla hajafunga kinywa, mkono uliolowa povu la sabuni. La pili likampasua mdomo. Nduta akamkamata nywele, akamgonga kichwa mlangoni, tena na tena, mpaka majirani wakawatenganisha. Kalekye hakujikinga.

"Alikuwa fundi wa mawe," Nduta akasema, akihema. "Weka hilo kwenye sinema yako. Kisha nisikuone hapa."

Filamu ya pili ilianza kwa jina la Irungu na kazi yake. Sauti yake aliiacha palepale ilipokuwa. Wenzake waliitazama, wengine wameinamisha vichwa.

"Mwisho bado mrefu," Shitanda akasema. "Punguza."

Akapunguza. Baadaye Waruguru alimnunulia chai. Kalekye aliinywa polepole kwa upande mmoja wa mdomo, maana ule mwingine ulikuwa bado umevimba.