Aliyeitika Namba Arobaini na Moja

Mwalimu mwenzetu tuliyemwita Mama Daftari alikuwa hana dogo kwenye mambo mawili: saa na mahudhurio. Saa moja na nusu asubuhi mlinzi alifunga geti, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa gauni lake yeye. Aliyebaki nje alimsubiri aje na kitabu cha wachelewaji, amwandike kwa wino mwekundu. Ukiandikwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, mzazi wako anaitwa. Mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye mke na watoto, nimewahi kuruka ukuta kwa kumwogopa, na suruali yangu ndiyo shahidi.

Tulimcheka, lakini tulimheshimu. Darasa lake la sita lilikuwa na watoto sabini na wanane, na aliwaita kwa namba, kichwa kimeinama, kalamu mkononi. Mtoto akisema "nipo", anaweka alama. Hakuinua macho hata mara moja. "Macho hudanganywa," alikuwa akituambia. "Mtoto anahama dawati, unamhesabu mara mbili. Sikio langu halijawahi kunidanganya." Miaka ishirini na sita aliishi na sikio hilo, na hakuna mkaguzi aliyewahi kumkuta na kosa.

Jumanne moja, saa nne kasoro, mama mmoja aliingia ofisini kwetu akihema. Alikuwa mfagizi wa hospitali, na koti la kazi lilikuwa bado mwilini.

"Habari za kazi, walimu. Nimemfuata binti yangu wa darasa la sita. Mdogo wake amepandwa na homa huko chekechea, nataka anisaidie kumchukua."

"Pole, mama," alisema Mama Daftari, akafunua daftari. "Namba arobaini na moja. Yupo. Mwalimu, hebu mwite."

Nikaenda. Kwenye dawati la watatu walikaa wawili. Nikarudi nikasema hayupo.

"Hayupo vipi wakati ameitika?"

"Dawatini hayupo, dada. Na wenzake wanasema hawajamwona."

Mama wa mtoto alitutazama kwa zamu. "Nimemwacha nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anamwandaa mdogo wake," alisema polepole. "Kama hayuko hapa, yuko wapi?"

Mama Daftari alifunga daftari. Alishika njia ya darasani, na mimi nikamfuata kwa sababu nilijua kinachokuja. Kwake hakuna dhambi iliyozidi kumwitikia mwenzio.

"Nani ameitikia arobaini na moja?"

 Macho yake yakatua kwa jirani wa dawati, msichana tuliyemwita Chiriku kwa vile hakujua kunyamaza. Siku hiyo alijua.

"Sauti imetoka upande huu. Ni wewe?"

"Sio mimi, mwalimu."

"Basi ni nani?"

Chiriku akaangalia sakafu. Akaamriwa apige magoti, akapiga. Mimi nilikuwa mwalimu pia, nilikuwa na mdomo, na sikusema neno. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mlinzi ndiye aliyetuvuruga kabisa. Tulipofika getini na mama wa mtoto, alikuna kichwa, akamwambia Mama Daftari, "Huyo binti alikuja, mwalimu. Nilikuwa ndio kwanza nimefunga. Alipokuona unakuja na kitabu, akageuka akaondoka."

"Kaelekea wapi?"

Akanyoosha mkono. Upande ule walikuwa wanajenga ghorofa, wamechimba shimo la msingi, halafu ujenzi ukasimama na mvua ikalijaza. Hakuna uzio. Tangu wiki iliyotangulia tulikuwa tukisema mtu atakuja kufa pale, na tulikuwa tunasema tu.

Mama wa mtoto akatoka mbio. Kiatu kimoja kilimvuka njiani, hakugeuka. Tulimkuta ukingoni, maji ya tope mbele yake, anaita jina la binti yake kwa sauti ambayo sikutaka kuisikia tena. Mimi nilivua viatu, lakini sijui kuogelea. Mama Daftari alisimama amekumbatia lile daftari kifuani. Midomo yake ilikuwa inasema kitu kimoja tu: "Ameitika. Mimi nimemsikia ameitika."

Nyuma yetu tukasikia miguu. Chiriku alikuwa ameacha kupiga magoti, amekuja mbio hadi pale, machozi na kamasi vimechanganyika.

"Mama, usiingie," alisema. "Hayumo humo. Yuko nyuma ya darasa. Nilimwahidi sitasema."

Darasa la sita lilijengwa mpakani, ukuta wake wa nyuma ndio uzio wa shule. Juu una matofali ya matundu ya kupitishia hewa, na nje yake kuna kichochoro ambacho hatukuwa na sababu ya kukipita. Tulimkuta humo, amekaa juu ya tofali, mkoba miguuni, daftari la hesabu mapajani. Alikuwa amesikia yote yaliyosemwa darasani, akaganda pale kwa hofu. Mama yake alimvuta, akamkumbatia, akampiga kofi la mgongo, akamkumbatia tena.

Mama Daftari alilichukua daftari la mtoto. Somo la asubuhi lilikuwa limeandikwa lote, na majibu sahihi. Akafunua nyuma. Tarehe baada ya tarehe, herufi zilizopinda za mtu anayeandikia mapajani. Siku kumi na moja.

"Nani alikuwa anakuitikia?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Naitika mwenyewe, mwalimu. Ukifika arobaini na moja nasimama juu ya tofali."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Mtoto alimtazama mama yake, halafu mwalimu. "Leo unaniandika ya tatu?" aliuliza. "Mama ataitwa?"

"Mama si ndiye huyu hapa," mama yake alisema, akiwa amegeukia Mama Daftari na si mtoto. "Ungeniita mapema, mwalimu, ningekueleza. Chekechea wanafungua saa moja na nusu. Nyie mnafunga saa moja na nusu. Mimi saa hiyo niko wodini. Amwache wapi mdogo wake?"

Mama Daftari alitoa kitabu cha wachelewaji, akachukua kalamu, akatafuta mahali pa kuyaandika maneno hayo. Kulikuwa na safu ya tarehe, ya jina, ya darasa na ya saa. Ya sababu haikuwepo. Alifunua kurasa, miezi na miaka ya wino mwekundu, kama mtu aliyeamini ataipata. Mistari ya safu zile yote alikuwa ameipiga yeye mwenyewe, kwa rula.