Jina Lililobaki Mlangoni

Maziwa ya nyumbani kwa Yeyo yalinukia moshi. Vibuyu vyake alivisugua ndani kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, na harufu hiyo ndiyo niliyoifuata kila asubuhi mwaka ule wa themanini na kitu, baba yangu, mwalimu, alipohamishiwa Endulen kutoka Karatu. Yeyo kwa Kimasai ni mama, nasi watoto wa majirani tulimwita hivyo hivyo.

Mwanawe alikuwa wajina wangu. Tulibatizwa siku moja hapo Endulen, na baba akapendekeza jina moja kwa wote wawili: Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyewaachia mateka warudi kwao. Baba alipenda kunisimulia safari ya jina hilo. Waajemi walisema Kurush, Waebrania Koresh, Wayunani Kuros, Walatini wakaandika Cyrus, na padri akanakili hivyo kitabuni. Muuguzi wa kizungu aliniita Sairas. Bibi yangu wa Karatu, kwa ulimi wake wa Kiiraqw, alilivuta kama anayeita ng'ombe walio mbali.

Mimi nilisimama mlangoni kwa Yeyo nikipaza sauti, “Koreshi anamtaka Koreshi!”

Nashipai, dada wa wajina wangu, alijibu kutoka ndani, “Ondokeni na ufalme wenu, mtuachie maziwa!”

Masika yale surua ilimchukua wajina wangu. Mimi nilikuwa nimepelekwa Karatu kwa bibi. Niliporudi niliambiwa amekufa, lakini sikuambiwa la kufanya, nami nikataka tu kuingia kwao kama zamani. Nikaita mlangoni, “Koreshi amekuja!”

Ndani, kijinga kiliacha kusugua. Nashipai akatoka mbio. “Nyamaza, wewe! Jina la aliyekufa halitajwi hapa.”

Wamasai wa pale walilizika jina pamoja na mwenyewe. Nikajitazama: nilikuwa nimelibeba, na sikuwa na jingine la kuingilia. Niligeuka kwenda zangu.

“Lemayian,” sauti ya Yeyo ikasema. Mwenye baraka. Nikaangalia nyuma kuona anaitwa nani. “Wewe. Njoo, maziwa yanapoa.”

Niliinamisha kichwa kumwamkia kama watoto wa kwao, akaniwekea kiganja utosini.

Leo vyeti vyangu vinasema Cyrus, na ofisini huitwa Sairas. Jina lililovuka falme na lugha zote hizo halijawahi kuingia tena nyumba ile. Mwezi uliopita nilifika Endulen. Yeyo haoni tena. Niliinama bila kusema neno. Kiganja kikapapasa nywele zangu zenye mvi, kikatulia.

“Lemayian,” akasema. “Maziwa yamepoa.”