Kifuko cha Jirani wa Malaz

Juzi nilikwenda kutembelea hekalu moja la Shinto hapa Japani ninakosoma, na mwenzangu we, nikaona ajabu. Mwanamke mmoja mbele yangu alitoa kifuko kidogo cha kitambaa chekundu, akainama, akakitia kwenye sanduku la mbao. Nilikijua kile kifuko. Nilikuwa na miaka tisa nilipokishika chenzake.

Tulikuwa tukiishi mtaa wa Malaz, Riyadh, kule Saudia, ghorofa ya tatu. Ilikuwa miaka ile ya mabadiliko: sinema zinafunguliwa, kina mama wanaanza kuendesha magari. Mama yangu, mtu wa Tanga, hakuyaamini hata kidogo. "Leo ruhusa, kesho mafi, hakuna tena," alikuwa akisema huku akikaanga bajia. Alikuwa mjamzito, miezi ya mwisho, na mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Kila kitu alikitilia shaka.

Mlango wa pili alikaa mama wa Kijapani. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza kama chetu. Nikitoka shule hunipa biskuti za mchele, za chumvi. Siku moja akanipa kifuko, akapapasa tumbo lake, akaonyesha mlango wetu. Kilikuwa cha mama yangu.

Mama alipokiona akaruka. "Hirizi! Kikulacho ki nguoni mwako! Anamtaka mwanangu huyu! Na polisi wakiikuta humu ndani, ikama ya baba yako, kibali chetu cha kuishi hapa, halas, imekwisha. Kamrudishie sasa hivi, na usile kitu chake!"

Nikamrudishia. Ajabu, hakukasirika. Alikipokea kwa mikono miwili, uso umemchanua, akaniinamia mimi mtoto mara tatu. Nikazidi kumwogopa.

Kesho yake akabisha hodi na bakuli. Mama akachungulia kwenye kitundu cha mlango. "Wali mwekundu! Wa damu huo, wallahi! Usifungue!" Jirani akagonga, akangoja, akagonga tena, halafu akaliacha bakuli sakafuni. Nikatumwa kuumwaga. Ulikuwa na kunde, ukinukia kama wa kwetu Tanga, na roho iliniuma.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu akazaliwa, mzima, ana makelele. Jirani lazima alimsikia, lakini hakubisha tena. Mwezi haukuisha, yeye na watu wake wakahamia Jeddah.

Basi pale hekaluni nikamuuliza yule mwanamke mbona anakitupa. Akacheka. Hakitupwi, akasema, jambo likishatimia hurudishwa, ndiyo shukrani. Chake kilikuwa cha kujifungua salama, na nyumbani wamempikia wali mwekundu wa kunde, wa furaha.

Yaani jirani alidhani mtoto keshazaliwa! Alikuja kutupa hongera, sisi tukamwacha amesimama nje kama mchawi.

Nikampigia mama simu. Nikamsimulia yote. "Mtafute," akasema. "Mwambie mtoto alizaliwa salama. Mwambie nimekosa."

Nimtafute wapi? Miaka mitatu tulikaa ukuta kwa ukuta, na hata jina lake hatukuwahi kumuuliza.