Mvua ya Upande wa Kaka

Watu walimwita Mama Tope, naye hakununa. Tope ndilo lililomlisha tangu mumewe afariki. Alikuwa akifyatua matofali kando ya kijito, akiyaanika, akiyachoma na kuuza. Kijito chenyewe alikijua tabia. Mvua ikinyesha leo milimani, maji hupanda kesho, tena polepole, naye anahamisha matofali mabichi bila papara.

Kisha kaka yake, aliyeachiwa shamba lote la baba huko juu, akafyeka miti na matete, akalima hadi ukingoni mwa kijito. Kijito kikabadilika. Mvua ikinyesha tu huko, maji yanashuka kwa mkupuo, mekundu kama kutu. Baada ya siku chache yamekwisha, mawe yako nje.

Mama Tope akapanda kwa kaka yake, akamkuta sebuleni, miguu juu ya stuli.

"Kaka, niachie hata kamstari ka matete. Siku hizi maji yananijia mbio, siwahi."

"Kwani mimi ndiye ninayenyesha?" Kaka akacheka hadi akakohoa. "Hamisha tope lako, dada. Tope halikosekani."

Mke wake akatazama sakafu.

Msimu ule Mama Tope alikuwa akifyatua matofali yake mwenyewe, ya chumba kimoja na varanda, aachane na nyumba ya kupanga. Yalishakauka, yanangoja moto. Mchana mmoja, kwake jua kali, akaona wingu jeusi limefunika milima. Akaanza kubeba. Hakufika hata nusu, simu ikalia.

"Wifi, huku inanyesha vibaya, jihadhari!"

"Imeshafika," akajibu, maji mekundu yakimpita vifundoni.

Akabaki na matofali mawili kifuani, anatazama safu zikilainika, zikiinama, zikigeuka uji.

Kaka alikuja kumpa pole, viatu vinang'aa. "Ndiyo kazi ya Mungu, dada."

"Mungu hakushika panga, kaka."

Kaka akaondoka amevimba. Hawajasemezana tena, hata kwenye msiba wa shangazi yao walikaa wamepeana migongo.

Sasa Mama Tope anafyatua mwinukoni, mbali na kijito, akipanda na ndoo ya maji kichwani. Kiangazi kijito kinakauka mapema, tope linakosa maji, kazi inalala. Bado amepanga. Majirani wakimuuliza kwa nini haendi kudai kipande cha shamba la baba yake, anatema mate pembeni, anaendelea kukanda.