Neno Moja Juu ya Picha ya Noeli

Chumba cha giza cha Tonton Albert kilinuka siki. Haikuwa siki ya jikoni bali dawa yake ya kusafishia picha, iliyochoma pua na kukaa kwenye nywele mpaka ukafika nayo nyumbani. Tonton Albert hakuwa ndugu yetu; alikuwa mpiga picha wa mtaa wetu wa Kabondo, na watoto wote wa barabara ile walimwita tonton, yaani mjomba. Kwenye studio yake kulikuwa na pazia lililochorwa bustani ya maua, na mwaka ule pazia lilikuwa limetobolewa na vipande vya bomu. Jua lilipenya kwenye matundu, maua yakaonekana kama yanaungua. Ndivyo ninavyoikumbuka Desemba ile ya vita mjini Kisangani: harufu ya siki, joto zito baada ya mvua, na barabara zilizokuwa kimya kupita kiasi, kana kwamba watu waliogopa hata kuitana.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Papa, mfanyabiashara wa vitambaa aliyetoka Kivu kabla sijazaliwa, alikuwa ameteremka mtoni kwa boti kwenda Kinshasa kutafuta mali, akamwacha Mama ana mimba. Vita vikaufunga mto nyuma yake. Boti hazikupanda wala kushuka, simu zilikuwa zimekufa, na kati yetu na yeye kulikuwa na askari tu. Nyumbani tulibaki na Mama, na Koko, yaani mama yake Papa, na kaka yangu Dédé, na mdogo wetu Mapendo, ambaye Papa hakuwahi kumwona. Kisha majeshi mawili ya kigeni yakapigana ndani ya mji wetu, mabomu yakipita juu ya mapaa na sisi tumelala chini ya vitanda. Asubuhi moja milio ilitulia. Maji yalikuwa yamekwisha na Mapendo alikuwa analia kwa kiu, kwa hiyo Dédé akachukua bidoni, dumu letu la maji, akatoka kwenda kwenye chemchemi. Bomu lilimkuta njiani. Makaburini hakukufikika, tukamzika uani, nyuma ya jiko, na jirani ndiye aliyesoma sala. Papa hakujua lolote.

Noeli ilipokaribia, mtawa mmoja wa parokia yetu alimwambia Mama kwamba amepata nafasi kwenye ndege ya watu wa misaada inayokwenda Kinshasa. Barua hakuweza kubeba. Uwanjani askari walifungua kila bahasha, na barua ndefu iliweza kumfanya aliyeibeba akamatwe. Lakini picha yenye salamu za Noeli wangeitazama tu na kuirudisha. Ndiyo sababu Mama alinishika mkono tukaenda kwa Tonton Albert. Koko alitufuata na fimbo yake, ingawa hakuna aliyemwalika.

Tonton bado alikuwa na filamu ya Noeli iliyotangulia, ya picha ambayo haikupata msafiri. Koko amekaa kwenye kiti. Mama amempakata Mapendo. Mimi nimesimama na soksi nyeupe za kuazima, na Dédé kando yangu, amevaa shati la Papa ambalo mikono yake ilimfunika vidole. Mama alitaka picha hiyo, si nyingine. Tonton alituonyesha jinsi maneno yanavyoingia: anaandika juu ya filamu kwa wino mweusi na kalamu nyembamba, herufi zikiwa zimegeuzwa kinyume. Penye wino mwanga haupiti, na kwenye karatasi maneno yanatokea meupe.

“Andika Noeli njema na Bonane ya mwaka mupya,” Mama alisema. “Halafu majina yetu, kila mutu juu ya kichwa yake.”

Akaandika, ulimi ukiwa umetokeza kidogo kwenye pembe ya mdomo. Koko. Mama. Odette, ndiyo mimi. Mapendo. Kisha akainua kalamu. “Na huyu?”

“Andika Dédé. Hivyo tu.”

Koko aligonga fimbo sakafuni. “Hivyo tu namna gani? Mutoto iko chini ya udongo, na baba yake asome kama iko muzima?”

“Mama, yeye iko peke yake kule,” Mama alimjibu mkwewe kwa upole, bila kumtazama. “Nani atamushika? Acha arudi kwanza. Nitamwambia mimi mwenyewe, na kinywa yangu.”

“Kila asubuhi anamuombea Dédé akue. Namujua, nilimuzaa mimi. Donc basi, tumuache aombe hivyo?”

Tonton Albert, kwa sauti ya mtu anayetafuta njia katikati, alisema angeweza kuchora msalaba mdogo kando ya jina. Koko akatikisa kichwa: msalaba kwenye kadi ya Noeli, Papa angesema ni mapambo. Nje mtu alipita akisukuma baiskeli yenye mizigo, na niliisikia mpaka ilipoishia. Mama aliitazama filamu muda mrefu, akiwa ameiinua kwenye mwanga, uso wa Dédé ukiwa mweusi na nywele zake nyeupe kama za mzee.

“Mbele ya jina nafasi inatosha neno moja,” alisema mwishowe. “Marehemu. Lete kalamu, nitaandika mimi.”

Hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo pamoja na jina la kaka yangu. Tonton aliliandika kwenye karatasi, akaigeuza na kuibana kwenye kioo cha dirisha, likaonekana kwa nyuma, kinyume. Mama akalinakili herufi baada ya herufi, na herufi ya mwisho ikagusa sikio la Dédé. Halafu Tonton mwenyewe akaongeza jina. Picha ilipotoka majini, maneno ya wengine yalikuwa yamenyooka vizuri, na lile la Mama lilikuwa limepinda kama njia ya porini. Koko alimshika Mama begani. Walirudi nyumbani hivyo, wameshikana, nami nikiwa nyuma yao na picha ndani ya kanga ili isilowe.

Kadi ilifika. Tulilijua hilo mto ulipofunguka tena na Papa akarudi na boti, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akapiga magoti. Baadaye alitusimulia kwamba alipewa ile picha kwenye lango la nyumba ya watawa, na kwanza alimtafuta Mapendo, mtoto asiyemjua, akacheka peke yake barabarani. Kisha akaanza kusoma majina. “Nilifikiri Albert alikosea,” alisema. Watu wa Kisangani waliokwama kule walitandika mikeka, wakakaa naye matanga. “Nililia na watu,” alimwambia Koko, na Koko akainamisha kichwa. Lakini furaha ya kumwona binti yake na msiba wa mwanawe vilimfikia kwenye karatasi moja, na havikuachana tena. Mapendo alipomkimbilia, Papa alimpokea kwa mikono, huku macho yakitafuta mahali pengine. Mapendo alikua akidhani amefanya kosa. Mama aliyaona hayo, na kuanzia hapo hakutaka tena tupigwe picha ya Noeli.

Siku hizi watoto wangu hawahitaji wino wala chumba cha giza. Wanagusa simu, maneno ya dhahabu yanatokea juu ya vichwa vyetu, na theluji inatuangukia, sisi ambao hatujawahi kuiona theluji. Salamu zinafika Goma na Ulaya kabla chai haijapoa, nyingi hata hakuna anayezisoma mpaka mwisho. Noeli iliyopita nilimpelekea Mama moja, picha yetu sote. Amezeeka, macho yamefifia. Nilitaka kumsomea maneno, akaninyamazisha kwa mkono. Aliisogeza simu karibu na uso, akapitisha kidole kutoka kichwa hadi kichwa, taratibu.

“Wako wote?” aliniuliza.

“Wote, Mama.”

“Wazima?”

“Wazima.”

Akaniangalia, si picha, akingoja kuona kama ninamficha jambo.